KARAKANA YETU: Kinga Kwanza, Mota Baadaye

Juma hili nawaletea habari za msumeno wa meza, yaani ule mtambo wenye bledi ya duara inayochomoza katikati ya meza, ambao maseremala hutumia kuchana mbao. Nanyi mlio wakulima msiseme kwamba habari hii haiwahusu. Siku hizi umeme umefika vijijini, na huku Meru waweza kusikia mlio wa msumeno nyuma ya migomba na mibuni. Huenda anayeuendesha ni mwanao.

Jumamosi moja, siku ya gulio la Tengeru, nalipanda upande wa Akheri kumtazama mtoto wa dada yangu. Kijana huyu ni seremala hodari. Ana mke na watoto watatu, na karakana yake ni banda la mabati kando ya nyumba. Mtambo wake ni kama ile mingi ya kwetu: meza ya chuma iliyochomelewa na fundi wa mjini, mota chini yake, mkanda, puli mbili na bledi ya inchi 12.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kazi zinakwendaje?"

"Kazi zipo, mjomba, lakini mashine haina nguvu. Yakwama na kuunguza mbao. Nimepokea malipo ya kwanza ya milango sita, na Jumatatu nashuka mjini kununua mota kubwa."

Wakati huo mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka 13, alikuwa amesimama nyuma ya meza akipokea mbao zinazotoka kwenye bledi. Bledi ilikuwa wazi, bila kifuniko wala kinga yoyote. Nalimwomba baba yake azime mtambo na kuchomoa waya ukutani, kisha nikamwonyesha mkono wangu wa kushoto. Kidole changu cha shahada hakina kucha wala pingili ya mwisho.

Jambo hilo lilinipata mwaka 1987 katika karakana nilimoajiriwa. Nalikuwa nachana mbao mbichi ya saipresi. Mbao mbichi ina tabia ya kujifunga baada ya kupasuliwa, ikaibana bledi kwa nyuma. Meno ya nyuma ya bledi hupanda juu, basi yakaiinua mbao na kuirusha kwangu kwa nguvu. Mkono wangu uliokuwa ukiisukuma ukapelekwa kwenye meno. Yote yalitokea kabla sijafumba jicho.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole, mjomba. Lakini mota nayo naihitaji." Nikamwambia, "Vema, tuipigie hesabu mota yako."

Mota aliyokuwa nayo huzunguka mara 1,440 kwa dakika. Puli ya mota ni ya inchi 4, na ya shafti ya bledi ni ya inchi 2. Basi bledi huzunguka mara mbili ya mota, yaani 2,880 kwa dakika. Kwa bledi ya inchi 12, huo ni mwendo wa mita 46 hivi kila sekunde pale penye meno, nao watosha sana kuchana mbao. Lakini mota aliyoitaka huzunguka 2,900. Angeifunga kwa puli zile zile, bledi ingezunguka 5,800. Tukaitazama bledi yenyewe: imechorwa kwamba isizidi 5,000. Bledi ikipitishwa kiasi chake yaweza kutikisika, kupasuka, au kurusha meno. Tena mota hiyo ya kilowati 3, kwa umeme wa fezi moja kama wake, huvuta karibu ampea 20 ikiwa kazini, na mara kadhaa zaidi inapoanza. Nyaya zake nyembamba zingepata moto.

Akauliza, "Sasa mbona yaunguza mbao?" Hapo ndipo tulipoinama kuutafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Jambo la kwanza lilikuwa bledi. Alikuwa akichanika mbao kwa bledi ya meno 80. Bledi ya meno mengi ni ya kukata mbao kwa kukingama, ili mkato uwe laini. Kwa kuchana kufuata urefu wa mbao, bledi ya inchi 12 yafaa iwe na meno 24 mpaka 32 hivi, ili nafasi kati ya meno ziwe kubwa na pumba zipate kutoka. Pumba zikikosa njia, husuguana na mbao na kuzaa moto. Tena meno yake yalikuwa yamefunikwa na utomvu mweusi wa paini. Tuliifungua bledi, tukailoweka katika maji ya sabuni na kuisugua kwa brashi.

Jambo la pili lilikuwa unyofu. Tuliirudisha bledi, tukatia alama ya chaki kwenye jino moja. Tukalileta jino hilo mbele, tukapima toka jino hadi mfereji ulio juu ya meza. Kisha tukaizungusha bledi kwa mkono mpaka jino lile lile likafika nyuma, tukapima tena. Tofauti ilikuwa milimita 3! Yapasa isizidi unene wa karatasi. Tuliregeza boliti za nyumba ya beringi, tukagonga kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao, tukapima tena na tena mpaka vipimo viwili vikalingana. Halafu tukaunyosha ule ubao wa kuongozea mbao, ili ulingane na bledi mbele na nyuma. Ukikosea, heri nyuma paachane na bledi kwa unywele kuliko pabane, kwa kuwa panapobana ndipo mbao huungua na kurushwa.

Baada ya hayo tulichana ubao mmoja. Mota ile ile ya zamani iliupitisha bila kulia. Sitasahau uso wa kijana yule.

Basi fedha za mota zilifanya nini? Zikanunua vitu ambavyo mafundi wengi huviona vya anasa, nami naviona ndivyo mtambo wenyewe. Navitaja kwa taratibu ya umuhimu.

1. Bamba la nyuma ya bledi. Hili ni bamba dogo la chuma lililosimama nyuma ya bledi, umbali wa milimita 3 mpaka 8 toka kwenye meno. Kazi yake ni kuzuia mbao isijifunge. Liwe nene kuliko mwili wa bledi, lakini jembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Bledi yake ina mwili wa milimita 2.2 na njia ya 3.2, basi bamba la 2.5 lilifaa. Juu ya bledi tukaweka kifuniko. Kama ningekuwa na bamba hili mwaka 1987, leo ningekuwa na vidole kumi kamili.

2. Swichi ya kujizima. Nyote mwajua jinsi umeme unavyokatika na kurudi. Kwa swichi ya kawaida, umeme ukirudi bledi huanza kuzunguka yenyewe, na pengine fundi ameweka mkono mezani. Swichi hii hujifungua umeme ukikatika, na mtambo hauanzi mpaka ubonyeze tena. Iwekwe mahali unapoweza kuizima kwa goti. Na waya wa ardhini usikosekane.

3. Meza ya kupokelea. Tulitengeneza meza ya mbao nyuma ya mtambo, chini kidogo ya ile ya chuma, milimita mbili tu. Mbao zikitoka hulala zenyewe juu yake. Hii ndiyo iliyochukua mahali pa yule mtoto.

4. Kijiti cha kusukumia. Kina urefu wa sentimita 40, na ncha yake imekatwa pembe ili ishike mwisho wa mbao. Mbao ikiwa nyembamba kuliko sentimita 15, usisukume kwa mkono. Tulitengeneza viwili kwa vipande vilivyobaki, bila gharama.

5. Kigari cha kukatia. Ni kipande cha plaiwudi chenye vijiti viwili vya mbao ngumu vinavyoteleza katika mifereji ya meza, na ubao uliosimama nyuma yake kushika mbao. Kupata pembe ya mraba hakuhitaji chombo cha ghali: pima sentimita 30 upande mmoja na 40 upande wa pili, na mshazari uwe 50 kamili. Kisha jaribu. Kata ubao mpana, geuza kipande kimoja chini juu, uviunganishe tena vile vipande kwenye ukingo ulionyoka. Ukiona mwanya, kosa ni nusu ya mwanya huo. Kwa kigari hiki vipande vya milango huwa sawasawa, navyo huungana bila kuzibwa kwa gundi na pumba.

Tusisahau vumbi. Mwaka 1968 madaktari wa Uingereza walitangaza kwamba mafundi wa samani wa upande wa High Wycombe walipatwa na saratani ya pua kuliko watu wengine. Na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika vitu vinavyoleta saratani kwa wanadamu. Basi fungua ukuta upande upepo unakokwenda, weka sanduku la kukusanyia pumba chini ya bledi, na vaa barakoa. Lakini glovu usivae kwenye msumeno, maana meno hushika nguo kabla ya nyama.

Huko Marekani, mwaka 1999, Stephen Gass alibuni msumeno unaotambua mwili wa mtu na kuisimamisha bledi kwa sehemu chache za elfu ya sekunde. Ni kazi ya ajabu, lakini bei yake ni kubwa kwa fundi wa kijijini. Bamba, kifuniko na kijiti twaweza kuvifanya hapa hapa.

Siwafichi: milango ile ilichelewa siku nne, na mwenye nyumba alinung'unika. Kijana naye alininunia siku mbili, kwa kuwa mota kubwa ilikuwa hamu yake ya muda mrefu. Siku ya tatu alinipigia simu kuuliza jinsi ya kunoa bledi, nikajua yamekwisha.

Nanyi wazazi, neno langu la mwisho ni lenu. Twapenda watoto wajifunze kazi, na ni vema. Mtoto aweza kupiga msasa, kupima, kupanga mbao na kufagia pumba mtambo ukiwa umezimwa. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kazi ya hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na bledi inayozunguka ni hatari bila shaka. Nalimwambia mpwa wangu: milango sita utailipwa mara moja, lakini mtoto huyu vidole vyake atavihitaji maisha yake yote. Siku hiyo hiyo mtoto alikwenda kukaa barazani na daftari lake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kunoa randa na patasi. Kwa herini.