Huwezi kushangilia mechi huku umeipa mgongo

Wasomaji wetu wa Masisi na Walikale, na nyinyi ndugu zetu mlioko kambini ao katika familia zilizowapokea, leo hatuandiki juu ya barabara wala bei ya unga. Tunaandika juu ya mpira. Atakayesema kwamba mpira ni mchezo tu wakati watu wanateseka, tunamuomba asome mpaka mwisho, maana tunamjibu yeye wa kwanza.

Kila siku ya Mungu, kukiwa na utulivu kidogo, vijana wa kata mbili ao wa vijiji viwili wanakutana kiwanjani baada ya ibada. Hapo utaona watu wa aina tatu. Wa kwanza wanasimama kando ya mstari, wanaimba, wanamkemea mwamuzi, wanajua jina la kila mchezaji. Wa pili wako nyuma, penye michopo na kasiksi. Wamekuja mapema kuliko wachezaji, wataondoka nyuma ya wachezaji, lakini mechi wameipa mgongo. Bao likiingia wanageuka na kuuliza: nani amefunga? Wa tatu hawakuja kabisa. Wamejaa katika nyumba ya video, wanagombana juu ya Arsenal na Barcelona.

Kisha jioni wanaanza kutukanana. Wa kwanza wanasema wale wa michopo ni walevi, wafukuzwe. Wa pili wanasema bila chupa na nyama hakuna mtu angekuja, kwa hiyo wao ndio wanaojaza kiwanja. Wa tatu wanacheka wote wawili, wanasema mpira wa hapa si mpira. Na siku hizi kumezuka sauti ya nne, mbaya kuliko zote, inayouliza: mkimbizi wa ndani anatafuta nini kiwanjani? Aliyepoteza nyumba anashangilia nini?

Sisi tunasema wazi. Mpenzi wa mpira ni yule anayesimama kando ya mstari na macho yake yako kwenye mchezo. Hatumpimi kwa jezi, wala kwa chupa alizonunua, wala kwa kijiji alichotoka. Kwa kipimo hicho, wakimbizi wengi ni wapenzi wa mpira kuliko sisi wenye nyumba.

Ugomvi huu si wa kwetu peke yetu. Huko Marekani, ekipe za vyuo vikuu zinacheza ule mpira wao wa kushika kwa mikono, na viwanja vyao ni vikubwa ajabu. Uwanja wa chuo cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000, wakati Stade des Martyrs ya Kinshasa, uwanja mkubwa wa taifa letu, inahesabiwa kuwa ya watu 80,000 hivi. Huko watu wanafika saa nyingi mbele ya mechi, wanafungua motokari zao nyuma, wanawasha moto, wanachoma nyama, wanakunywa. Wengine wanamaliza siku nzima pale penye motokari bila kuingia ndani. Wenzao wanalalamika: viti viko wazi, vijana wanatoka mapumziko na hawarudi. Wengine wanajibu kwamba ile karamu ndiyo yenyewe, mechi ni kisingizio. Kumbe hata mwenye kila kitu anaweza kupika mlangoni na kusahau kilichomleta.

Lakini tofauti iko. Kule kiti kikikosa mtu, chuo bado kina pesa, kina televisheni, kina wakubwa wa kukilipia. Kwetu hakuna kitu kingine. Ekipe ya Kitshanga, ya Nyabiondo, ya Mubi ao ya Pinga haina mtu mwingine isipokuwa wale wanaosimama pale. Kijana anayecheza ni mchimbaji, ni motari, ni mwanafunzi ambaye shule yake imefungwa mara nyingi. Halipwi. Anachopata ni watu kumuona. Ukimnyima macho yako, umemnyima mshahara wake wote.

Tusimfukuze muuza chakula. Hapo tunapingana na wale wanaotaka kiwanja kisafishwe kama kanisa. Mama anayechoma mihindi, anayeuza karanga, ndizi na mandazi, siku ya mechi ndiyo soko lake. Wengi wao walikimbia wakaacha mashamba. Sahani ile ya karanga ndiyo chakula cha watoto usiku. Mechi inapokufa, soko lake linakufa pia. Kwa hiyo chakula kibaki, tena kisogezwe karibu na mstari, ili mtu ale huku anatazama.

Pombe ni habari nyingine, na hapa hatuwaonei haya wenzetu wa kasiksi. Mnasema nyinyi ndio mnaojaza kiwanja. Mnajaza nyuma ya kiwanja. Na ugomvi unapoanza, mara nyingi unaanza kwenu: mtu hakuona kilichotokea, amesikia tu kelele, tayari anasema tumeibiwa, mwamuzi amenunuliwa, kipa wao ana dawa. Tukumbuke Butembo, hapa hapa katika jimbo letu, mwezi wa 9 mwaka wa 2008, mechi ya Nyuki na Socozaki. Kipa alishutumiwa kwamba anatumia uchawi. Wachezaji wakapigana, mawe yakarushwa, polisi wakatumia moshi wa machozi, watu wakakimbilia milango. Zaidi ya watu kumi walikufa kwa kukanyagana na kukosa pumzi, wengi wao vijana na watoto. Hatusemi ni pombe iliyowaua. Tunasema watu wanaoamini maneno kuliko macho yao wanaweza kuua bila kushika kisu. Kwetu, ambako kabila ya kipa na kijiji cha mwamuzi vinajulikana na kila mtu, neno moja la mlevi linaweza kwenda mbali kuliko kiwanja.

Sasa tugeuke kwa ndugu zetu wa nyumba ya video. Hatuwakatazi kupenda mpira wa Ulaya. Mpira mzuri ni mzuri popote. Lakini mtu anayelipa kiti kila juma kumtazama mchezaji ambaye hatamjua kamwe, na hajawahi kutoa hata franka moja kununua mpira wa vijana wa kata yake, asituambie kwamba mpira wa hapa si kitu. Tangu 2018 Arsenal ilibeba tangazo la utalii wa Rwanda kwenye mkono wa jezi. Mwaka wa 2025 serikali ya Kongo nayo ikafanya mkataba wa miaka minne na Barcelona ili jina la nchi yetu liwe kwenye nguo zao za mazoezi; vyombo vya habari vilitaja zaidi ya milioni 40 za euro. Ona basi: vijana wetu wanapigana ngumi kwa sababu ya jezi za watu wa mbali, na wakubwa wanalipia majina juu ya jezi zile zile, huku mtoto wa Kashebere anacheza na mpira wa majani ya ndizi. Kila mtu anatazama ng'ambo. Nani anatazama hapa?

Kushangilia kwa mbali kuna hatari yake, na historia yetu yenyewe inaonyesha. Wazee wanamkumbuka Mulamba Ndaye. Mwaka wa 1974, nchi ikiitwa Zaire, alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika kule Misri, tukachukua kombe. Hakuna aliyefunga mengi hivyo katika kombe moja mpaka leo. Nchi nzima iliimba jina lake. Baadaye aliishi Afrika ya Kusini katika umaskini. Mwaka wa 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama dakika moja ya kimya kumuomboleza, kwa sababu habari ilisema amekufa. Alikuwa hai. Alifariki kweli mwaka wa 2019. Huyo ndiye mchezaji mwenye mashabiki wa mbali: wanamlilia akiwa mzima, na akiwa na njaa hawajui.

Na sasa tunamjibu yule wa sauti ya nne. Unauliza mkimbizi anatafuta nini kiwanjani. Kumbuka tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka wa 2024, kule Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika. Wakati huo vita vilikuwa vimekaribia Sake, na watu wa Masisi walikuwa barabarani na magodoro kichwani. Mbele ya mechi, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wa Leopards walifunika midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa kama bunduki. Ulimwengu mzima uliona. Walisema bila kusema: watu wetu wa mashariki wanauawa, na nyinyi mmenyamaza. Mechi tulipoteza, bao 1 kwa 0, Haller alifunga. Lakini hakuna aliyewauliza wachezaji wale: mnacheza mpira namna gani wakati watu wanakufa? Wote tuliwasifu. Basi kama mchezaji aliye mbali anaweza kuubeba uchungu wa mkimbizi mpaka ndani ya kiwanja, kwa nini mkimbizi mwenyewe afukuzwe kiwanjani?

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyelala nyumbani kwake anafikiri aliyekimbia anapaswa kulia saa zote. Lakini mtu aliyekimbia bado ni mtu. Ana mtoto anayejua kupiga chenga. Ana wimbo wa kijiji chake. Kambini watu wanamwita kwa kadi yake, kwa namba ya hema yake, kwa mstari wa chakula. Kiwanjani anaitwa jina lake: huyu ni beki wa Mweso, yule alikuwa kipa wa Ngungu. Pale kando ya mstari ndipo Muhunde, Munyanga, Mukumu, Mutembo, Muhutu na Mututsi wanaweza kusimama bega kwa bega bila kuulizana habari za jana, kwa sababu wote wanatazama mpira mmoja. Sehemu za namna hiyo zimebaki ngapi katika wilaya zetu? Nani ana akili timamu atakayetaka kuifunga moja iliyobaki?

Tusisahau pia wale ambao hawaji na hawana kosa. Kuna mama anayemzuia kijana wake, kwa sababu anajua vijana wakikusanyika wanaweza kuchukuliwa kwa nguvu. Kuna msichana anayeogopa njia ya kurudi jioni. Kuna mzee asiyeweza kukimbia risasi zikilia. Hao tusiwaite wavivu. Lawama yetu ni kwa anayeweza kuja na hataki, na kwa aliyekuja na haangalii.

Watatuambia: ni nani atakayelipa mpira, chokaa na nauli ya mwamuzi, kama wakimbizi wanaingia bure? Swali hilo ni la kweli na lina jibu. Mwenye kasiksi atoe mchango, maana kiwanja ndicho kinachomletea wateja. Mwenye nyumba ya video atoe pia. Mapenzi ya mpira yanayomlisha yalizaliwa kwenye viwanja hivi vya vumbi na matope. Mnunuzi wa madini wa Rubaya ao wa Ndjingala ambaye vijana hawa wanamchimbia, naye anunue jezi. Na sisi wenye franka kidogo tuzitoe kwa kofia inayopita, si kwa kizuizi mlangoni. Kofia humuacha asiye na kitu apite kwa heshima. Kizuizi humrudisha mbele ya watoto wake.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne kwa viongozi wa ekipe, wakubwa wa vijiji, makanisa na shirika la raia. Mkimbizi wa ndani na mtoto wa shule waingie bure. Chakula kiuzwe karibu na mstari, lakini pombe ifungwe filimbi inapolia mpaka mechi iishe. Mechi ianze mapema, ili wanawake na wasichana wafike nyumbani jua likingali juu. Na mwenye silaha, wa upande wowote, asikanyage kiwanja siku ya mechi, hata kama anadai amekuja kulinda usalama. Mpira hauchezwi vizuri mbele ya bunduki, na hakuna wimbo unaotoka vizuri kwenye koo lenye hofu.

Kwako wewe unayesoma na umezoea kukaa pale nyuma, tunakuomba kitu kidogo tu. Siku ya Mungu inayokuja, nunua karanga zako, ama nyama yako, kisha tembea hatua ishirini mpaka kwenye mstari. Muulize jirani yako yule mwenye namba 10 anaitwa nani. Kama jirani huyo ni mkimbizi, msogezee nafasi. Na bao likiingia, uwe umeliona kwa macho yako mwenyewe.