Meneja Asiyefunzwa Ni Hasara kwa Wote

Kuna wanaodai kwamba meneja hahitaji mafunzo. Kazi yenyewe itamfunza. Dai hili linasikika sana hapa Uganda, viwandani, hotelini na hata shuleni. Mimi nalipinga. Ni kweli kazi humfunza meneja, lakini karo ya masomo hayo hulipwa na wafanyakazi walio chini yake.

Tazama jinsi mameneja wanavyopatikana. Mpishi hodari anafanywa msimamizi wa jiko. Muuzaji bora anakabidhiwa tawi. Mwalimu mahiri wa hisabati anakuwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyewafundisha kupanga zamu, kusuluhisha ugomvi wala kumwonya mtu bila kumdhalilisha. Tunapoteza mpishi mzuri na kupata bosi mbaya.

Isitoshe, sheria haimsubiri meneja abahatishe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mfanyakazi, kabla ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mwajiri akipuuza, anadaiwa mshahara wa wiki 4. Sheria hiyo hiyo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na baba siku 4. Je, ni wasimamizi wangapi wanaoyajua haya? Anayemfukuza mtu langoni kwa hasira anamwachia mwajiri wake deni.

Wengine watajibu kwamba mafunzo yapo. Yapi? Semina ya siku moja hotelini: chai, sambusa, posho, picha ya pamoja, kisha kimya cha miaka mitano! Tena hualikwa wakubwa, huku msimamizi wa zamu, anayeshinda na wafanyakazi kutwa, akiachwa nyuma.

Mafunzo ya kweli hurudiwa. Nusu siku kila baada ya miezi mitatu, palepale kazini, yatosha. Yajadiliwe mambo yaliyotokea: ajali, malalamiko, utoro. Baadaye wafanyakazi waulizwe kama msimamizi wao amebadilika. Hata kampuni ndogo haiwezi kusingizia gharama, kwani ukumbi wa hoteli hauhitajiki.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Basi tusimtwike mtu jaa hilo bila kumfundisha namna ya kulibeba, maana likimwangukia, huwaangukia kwanza walio chini yake.