Ruzuku Ndogo na Kalamu ya Karani



Mtu atokaye kazini jioni hapa Babati, akashuka kuelekea ziwani, hana haja ya kuambiwa kwamba mji huu umejaliwa. Maji yako mbele yake, viboko wanatoa vichwa, wavuvi wanarudi na mitumbwi yao. Na nyuma ya mji mlima Kwaraa umesimama pamoja na msitu wake. Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe na wengineo wana habari zao za kale katika nchi hii, wana majina ya vijito na vilima, wana michezo na ngoma zao. Urithi tunao. Swali ni nani autunzaye, na kwa fedha gani.

Wengi wetu hujibu upesi: hapana fedha. Mimi nasema jibu hilo ni nusu ya kweli. Ruzuku ndogo zipo, walakini nyingi hupotea njiani kwa kukosa mtu wa kuandika. Na kuandika ndiyo kazi yetu.

Nitakiri kosa langu kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa na kikundi cha wazee na vijana. Walitaka kusafisha njia ya kupandia kilima, kuweka vibao vyenye majina ya mahali pa kale kwa Kigorowa na Kiswahili, na kusawazisha kiwanja cha watoto kuchezea. Fedha waliyoiomba haikuwa kubwa. Barua yao ilirudishwa: hapana cheti cha kuandikishwa, hapana muhtasari wa mkutano, hapana makisio ya matumizi. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, mlima huu twaujua jiwe kwa jiwe. Karatasi hii ndiyo tusiyoijua." Nikamjibu kwamba nina kazi nyingi, nitakuja Jumamosi. Jumamosi ile sikwenda, wala iliyofuata, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ikapita. Mwaka wa pili mzee yule alifariki. Majina ya vijito aliyoyajua hayakuandikwa na mtu.

Asidhani msomaji ya kuwa makaratasi ni adha tupu. Tuutazame msitu wa Duru-Haitemba, uliomo katika wilaya yetu hii ya Babati, wenye hekta zipatazo 9,000. Serikali ilikusudia kuutwaa uwe msitu wa hifadhi, na wanavijiji wakakataa. Mwaka 1994 ikakubaliwa kwamba vijiji vinane viulinde wenyewe, kila kijiji sehemu yake, na watu wa Sweden wakasaidia kazi hiyo. Walinzi walikuwa wanakijiji wenyewe. Lakini neno lao lilipata nguvu kwa sababu liliandikwa: kila kijiji kilitunga kanuni zake, na halmashauri ya wilaya ikazipitisha. Baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji vya nchi nzima haki ya kuwa na misitu yao. Mambo hayo yalianzia mikutano ya kijiji, na karatasi zilizoandikwa vizuri.

Tena tuwatazame jirani zetu wa kusini. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wenyeji wa Kolo wamezoea kuyaendea mapango yale kwa matambiko yao. Tangu barabara ya lami ya kwenda Dodoma ifunguliwe rasmi mwaka 2018, mgeni aweza kupita Babati kwa dakika chache akiwahi Kondoa au Arusha. Je, tumemwekea nini cha kumfanya ashuke? Na kabla ya mgeni, mtoto wetu tumemwekea nini?

Sasa habari ya fedha. Mfuko wa Mazingira Duniani una mpango wa ruzuku ndogo ulioanzishwa mwaka 1992, ambao huendeshwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu cha kawaida kilikuwa dola 50,000, nazo hupewa vyama vya wananchi. Kikundi kinachotaka kutunza ukingo wa ziwa au njia ya msituni chaweza kubisha hodi huko. Kadhalika halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni mkopo, hata kama hauna riba, na mkopo hulipwa. Mwenye kufuga kuku ataulipa. Lakini kibao cha historia na kiwanja cha watoto havitagi mayai. Kwa hiyo naona yafaa Halmashauri ya Mji itenge fungu dogo lisilorudishwa, kwa ajili ya urithi na michezo ya wazi, na wanaoomba wachangie kwa nguvu za mikono yao. Haba na haba hujaza kibaba.

Na sisi je? Naleta mashauri matatu mbele ya chama. Kwanza, kila mwanachama atoe Jumamosi moja kwa mwezi kuwafundisha vikundi kuandika katiba, muhtasari na makisio. Pili, tuandike majina na habari za wazee wangali hai. Tatu, na hili ndilo kubwa: karani anayeandika ombi asiwe mshika fedha, wala asitie sahihi benki, wala asiombe chochote baadaye. Tukiandika kwa mkono wa kuume na kupokea kwa mkono wa kushoto, wazee watafunga mlango, nao watakuwa na haki.

Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, walitaka wapate pia mahali pa kukutana, kusoma magazeti na kucheza mpira. Walijua kwamba mtumishi haishi kwa mshahara peke yake. Sisi tuliorithi kalamu yao tusiwe wavivu kuliko wao.

Mimi nimekwisha kukitafuta kikundi kile. Jumamosi hii, inshallah, nitakwenda.