Ahadi ya Mkristo isijifute kama arafa

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilinijia akilini majuzi, kutokana na kisa kilichotokea katika usharika mmoja ninaoufahamu vyema.

Waumini waliahidi, katika kundi lao la WhatsApp, kuchanga fedha za matibabu ya mjane mmoja. Kila mtu aliandika jina lake na kiasi atakachotoa. Siku ya kukusanya ilipowadia, mhazini alifungua simu akakuta patupu. Kundi hilo lilikuwa limewekwa kufuta kila ujumbe baada ya siku saba. Waaminifu walitoa. Wengine walisema hawakumbuki kama waliahidi, na hapakuwa na wa kuwakumbusha.

Uwezo huu wa arafa kujifuta uliingia katika WhatsApp mwaka wa 2020, na mwaka uliofuata watumiaji wakapewa hiari ya saa 24 au siku 90. Snapchat ilikuwa imetangulia tangu 2011. Leo mtu aweza kuahidi, kutukana au kusingizia, kisha maneno yake yakatoweka kana kwamba hayakupata kutamkwa.

Sina nia ya kuilaani simu. Makanisa yetu yalipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Korona, ni simu iliyowafikishia wengi mahubiri na sala. Aidha, yapo maneno yasiyostahili kuhifadhiwa, na Kanisa lalijua hilo: padri anayesikiliza maungamo haandiki kitu. Lakini siri ya mwenye kutubu ni jambo moja, na ahadi ya mwenye kuahidi ni jambo jingine kabisa.

Na tumtazame Mtume Paulo. Waraka wake kwa Filemoni ndio mfupi kuliko nyaraka zake zote. Akiwa kifungoni, anamwombea Onesimo, mtumwa wa Filemoni, apokewe kama ndugu. Kisha anaongeza kwamba ikiwa Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo liandikwe juu yake Paulo. Na anasisitiza kuwa ahadi ya kulilipa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Karibu miaka 2,000 imepita, na kila ajuaye kusoma aweza kumshika Paulo kwa neno lake. Hivyo ndivyo mtu anavyoahidi anapokusudia kutimiza.

Hata hivyo, maandishi hayadumu yenyewe. Katika waraka kwa Wakolosai, Paulo anaagiza usomwe pia katika kanisa la Laodikia, na ule utakaotoka Laodikia usomwe Kolosai. Wa kwanza tunao mpaka leo. Wa pili haumo katika Biblia kwa jina hilo, na wataalamu wengi huamini kwamba ulipotea. Huo mmoja umetufikia kwa sababu walikuwako watu walioukariri, wakaunakili na kuutunza, kizazi baada ya kizazi.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Wengi wao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walichokuwa nacho ni kadi ya ubatizo. Madaftari ya parokia, yenye majina ya wabatizwa, wazazi na wasimamizi, yamewatambulisha watu ambao hawakuandikwa kwingine kokote. Je, wajukuu wetu watapekua nini iwapo kumbukumbu zetu zote zimo katika simu ambayo huenda ikaibwa kesho?

Kwa hivyo, wazee wa makanisa wachukue hatua. Kundi lolote linaloshughulikia fedha za waumini lisiruhusiwe kufuta ujumbe wake. Michango iandikwe daftarini siku iyo hiyo. Kumbukumbu za mikutano na barua za wachungaji zichapishwe na kufungiwa kabatini. Gharama yake ni ndogo mno.

Mjane yule alitibiwa, kwa fedha za wale waliokumbuka. Lakini haifai mgonjwa kutegemea kumbukumbu za watu wachache. Ahadi ni deni, na Mkristo anayetumaini uzima wa milele hana budi kusema neno litakalodumu zaidi ya siku saba.