Konsoli Ikifia Korogwe, Nani Anaihesabu?

Konsoli mpya ya gemu ikitoka tu, hosteli inagawanyika kama Simba na Yanga. Huku wa PlayStation, kule wa Xbox, na pembeni wachache wa Nintendo wanaojiona wamestaarabika kuliko wote. Tunabishana kuhusu picha, kuhusu kasi, kuhusu gemu zipi zinakuja. Swali ambalo halipati nafasi ni moja: hiki kitu kitadumu? Na kikikata moto, nani anahusika?

Hoja yangu ni hii. Mashine mbovu hurekebishwa pale ambapo vifo vyake vinahesabiwa. Vifo vya kwetu, kuanzia Manundu pale Korogwe mpaka Chanika kule Handeni, hahesabu mtu. Na mpaka tutakapoanza kuvihesabu wenyewe, tutaendelea kuambiwa kwamba tatizo ni joto letu, vumbi letu na umeme wetu.

Tuanze na kisa kinachojulikana dunia nzima. Novemba 2005 Microsoft walitoa Xbox 360 sokoni. Waliwawahi Sony kwa mwaka mzima, na watu walipanga foleni. Muda si mrefu zikaanza kuzima zenyewe, na mbele zinawaka taa tatu nyekundu kuzunguka kitufe cha kuwashia. Wachezaji waliita duara jekundu la kifo. Mwanzoni kampuni ilisema matatizo ni ya kawaida kwa kifaa chochote kipya. Lakini simu ziliendelea kuingia na maboksi yaliendelea kurudishwa, mpaka Julai 2007 Microsoft ikaongeza waranti ya tatizo hilo kuwa miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya kulishughulikia. Si mchezo.

Ilikuwa nini hasa? Wengi tunasema "ilikuwa inachemka" tukaishia hapo. Baadaye, kwenye filamu ya kumbukumbu ambayo Xbox wenyewe waliitoa mwaka 2021, wahandisi wao walieleza kwamba kilichokuwa kinakatika ni viunganishi vidogo sana ndani ya chipu, na kilichovikata ni kupanda na kushuka kwa joto. Ukiwasha, chipu inapata moto na kutanuka. Ukizima, inapoa na kusinyaa. Fanya hivyo mara mia, mara elfu, na mahali fulani panapasuka. Ni kama kukunja na kukunjua waya wa uzio: haukatiki siku ya kwanza, ila siku yake ipo.

Shika hapo, maana tutaparudia. Kwanza angalia kilichoilazimisha kampuni ilipe. Haikuwa huruma. Mtu wa Marekani alikuwa na risiti, alikuwa na namba ya kupiga, alikuwa na mahali pa kurudisha boksi. Kila konsoli iliyokufa iliacha alama kwenye daftari la aliyeitengeneza. Alama zikajaa, daftari likawa aibu, aibu ikawa gharama.

Mwaka 2009 ilikuwa zamu ya Sony. Kipindi cha kutetea walaji cha BBC, Watchdog, kiliwabana kuhusu PlayStation 3 zilizokuwa zinakufa kwa taa ya njano baada ya waranti ya mwaka 1 kuisha. Sony wakajibu kwamba zilizopata tatizo hilo Uingereza hazifiki hata nusu asilimia ya zilizouzwa. Ukikubali jibu lao au ukilikataa, utaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na kitu cha kuhesabu. Walibishana juu ya namba.

Sasa njoo kwetu. Konsoli inafikaje Korogwe? Mara nyingi haiji mpya. Imeshachezwa miaka mitatu au minne huko nje, imekuja na mzigo wa mitumba ya vifaa vya umeme, imeshushwa Kariakoo, imepanda basi, imeshuka stendi. Ikifika, waranti yake imeshakufa kabla yenyewe haijafa. Hata ile mpya kabisa, iliyofungwa na nailoni yake, mara nyingi muuzaji wa hapa siye wakala wa mtengenezaji, na karatasi ya waranti iliyomo ndani ni ya nchi nyingine. Risiti, kama ipo, ina ule mstari tunaoujua wote: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Halafu inaingia kazini. Sisi wa chuo tunaifikiria konsoli kama kitu cha chumbani, cha kucheza ukitoka kwenye testi. Kule nyumbani konsoli ni mtaji. Kijana kauza mahindi ya baba yake, au kachukua hela ya kikoba, kapanga chumba cha bati, kaweka televisheni mbili, mabenchi na feni moja. Hapo ndipo mtaa mzima unapojifunza FIFA.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme kanunua PS4 ya mkononi kwa shilingi 600,000, na mechi moja ni shilingi 500. Anahitaji mechi 1,200 kurudisha hela ya konsoli peke yake, kabla ya pango, umeme na pedi ambazo watoto wanazibonyeza kama wanatwanga kisamvu. Akipata mechi 30 kwa siku, ni siku 40. Ikikata moto siku ya 25, kapoteza karibu shilingi 225,000 ambazo hazitarudi, na deni la kikoba liko palepale. Kwenye hesabu ya mtengenezaji, hicho kifo hakikutokea.

Na mazingira nayo yanaikaba. PlayStation 5 imeandikiwa na Sony wenyewe itumike kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 35. Nintendo Switch 2 ilitoka Juni 2025, na mwezi uliofuata tu Nintendo ya Japani ikawakumbusha wateja wake, kwa sababu ya joto la kiangazi, kwamba kifaa hicho pia ni cha nyuzi 5 mpaka 35. Aliyewahi kukaa Korogwe mwezi wa pili anajua kicheko kinachofuata. Mji uko bondeni, chini ya milima ya Usambara. Lushoto wanavaa sweta, Korogwe shati linagandia mgongoni. Kivulini tu nyuzi zinapita 30. Ndani ya chumba cha bati, na vijana 15 wanapiga kelele, na televisheni mbili zinawaka, hiyo 35 inafikiwa hata kabla konsoli yenyewe haijaanza kutoa moto wake.

Ongeza umeme. Korogwe ni wilaya yenye mitambo ya Hale, ambayo imekuwa ikifua umeme wa maji ya mto Pangani tangu miaka ya 1960. Hata hivyo, kukaa jirani na mitambo hakukuepushi na kukatikiwa. Sasa rudi kwenye ule waya wa uzio. Umeme unakatika gemu iko dakika ya 70, chipu ina moto, feni ya ndani inasimama hapohapo. Umeme unarudi, konsoli inawashwa haraka kwa sababu wateja wanasubiri. Baada ya nusu saa unakatika tena. Kile kupanda na kushuka kwa joto ambacho nyumba ya Ulaya inakifanya mara moja kwa siku, kibanda cha Handeni kinaweza kukifanya mara tano. Kwa hiyo udhaifu uleule wa kiwandani, kwetu unajitokeza mapema na kwa ukali zaidi.

Hapa kuna watakaoniambia: si umejijibu mwenyewe? Joto lenu, bati lenu, umeme wenu. Mtengenezaji kakwambia 35, wewe unapeleka kwenye tanuri, tena unafanyia biashara ambayo waranti nyingi za namna hii haziitambui. Hoja hiyo ina uzito na siikwepi. Kibanda kinachofanya kazi saa 12 kwa siku si sebule, na mwenye kibanda asiyesafisha vumbi la feni miezi sita anaiua mashine yake kwa mkono wake.

Ila tuwe wakweli pia. Xbox 360 haikufia kwenye bati la Chanika. Ilifia kwenye sebule zenye kiyoyozi, na kampuni ikakubali kwamba kosa lilikuwa lake. Kwa hiyo joto la mtumiaji peke yake halitoshi kuwa jibu. Tofauti ya kweli ni kwamba kule mtu akisema "imekufa", mzigo wa kueleza uko kwa muuzaji. Huku mzigo wote uko kwa mnunuzi, na jibu la "umeunguza mwenyewe" linatolewa kabla hata kifaa hakijafunguliwa.

Na sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba kitu kinachouzwa na mfanyabiashara wa kitu hicho kinatakiwa kiwe na ubora wa kuuzika, na kama umemweleza unakihitaji kwa kazi gani ukategemea ujuzi wake, kiifae hiyo kazi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, imeipa tume hiyo pia kazi ya kumlinda mlaji. Wenzetu wa sheria mpo hapa chuoni, mnayasoma haya kwa ajili ya mtihani. Mwenye kibanda cha Korogwe hajawahi kuambiwa kwamba yanamhusu.

Kinachobaki mtaani ni fundi, na fundi tumheshimu. Anaifungua, anapuliza blowa ya moto juu ya chipu, konsoli inaamka, kila mtu anashangilia. Shida ni kwamba ule moto unakirudisha kiunganishi kilichopasuka kwa muda tu. Baada ya wiki kadhaa, taa zilezile. Na kadiri mashine zinavyokuwa mpya, mbinu za zamani zinazidi kuwa hatari. Ndani ya PlayStation 5, kati ya chipu na chuma cha kupoozea, hakuna ile greisi nyeupe tuliyoizoea. Kuna metali ya majimaji inayopitisha umeme. Fundi ambaye hajaambiwa akaifungua kama PS3, tone moja likianguka kwenye bodi linaweza kuipiga shoti mashine nzima. Nani alikuja kumwambia? Hakuna, kwa sababu kwenye ramani ya huduma yule fundi hayupo.

Wengine watasema gemu ni starehe, tuna mambo ya maana zaidi. Haya, toa neno konsoli weka laptopu. Ni chipu zilezile, joto lilelile, Kariakoo ileile, ule mstari wa risiti uleule. Mwaka wa tatu ukiwa na tasnifu yako ndani ya laptopu iliyonunuliwa kwa bumu na ikazima wiki mbili kabla ya kukusanya kazi, utaelewa kwamba tulikuwa hatuongelei FIFA.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

La kwanza, usiwe wa kwanza. Konsoli yoyote ikitoka, subiri angalau mwaka. Xbox 360 za baadaye, zilizobadilishiwa bodi na chipu zisizokula umeme mwingi, zilikuwa na nafuu kubwa kuliko za mwanzo. Anayenunua siku ya uzinduzi anamsaidia mtengenezaji kufanya majaribio, na analipa yeye.

La pili, kabla ya kutoa hela uliza maswali mawili: ikifa ndani ya miezi mitatu nakuletea wewe au nani, na utaniandikia hilo kwenye risiti? Muuzaji akicheka, nenda duka la pili. Wakikataa wote, angalau umenunua ukijua, na bei ipungue kwa sababu hatari umeibeba wewe.

La tatu ni la serikali yetu ya wanafunzi. Fungueni daftari. Mwanachuo yeyote ambaye konsoli, laptopu au simu yake imekufa kabla ya wakati aandike: aina, toleo, lini ilinunuliwa, mpya au ya mkononi, imekufaje, muuzaji alijibu nini. Likizo tukienda nyumbani, tunaotoka Handeni na Korogwe tupite vibandani tuongeze na za kule. Ni kazi ya dakika tano kwa kila mashine. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kurasa za kupeleka FCC, na za kumwonyesha mtu kabla hajaenda Kariakoo kununua toleo lilelile lililowaua wenzake kumi.

Microsoft hawakuzitenga zile dola bilioni 1 kwa sababu mashine zilikufa. Walizitenga kwa sababu zilizokufa ziliandikwa. Sisi kalamu tunazo.