Mbungo Nao Una Mizizi Yake

Ukienda Unguja au Pemba msimu wa mabungo, usirudi bila kuonja juisi yake. Ya njano, chachu na tamu kwa pamoja!

Mbungo ni mmea wa asili wa misitu ya visiwa vile na pwani yetu. Jina lake la kisayansi, Saba comorensis, linatokana na Komoro. Msituni hukwea mti kulifuata jua, huweza kufika hata mita 20. Lakini haumnyonyi mwenyeji wake: hujilisha kwa mizizi na majani yake wenyewe.

Nimemkumbuka dada mmoja aliyeniambia kwamba tangu aachishwe kazi anajiona mzigo kwa mumewe. Dada yangu, kuegemea si aibu. Ila usiiache mizizi yako ikauke: marafiki, ujuzi wako, sauti yako kwenye maamuzi ya nyumba. Na mara moja moja muulize mwenzio kama amechoka, maana mti nao hulemewa.

Jioni loweka kokwa za mabungo, zivuruge, chuja, tia sukari. Mnywe wawili, mkiongea.

Tukutane mwezi ujao!