Hii Sweta Siuzi

Jumamosi niliweka picha ya mkono wa sweta. Mkono mmoja tu, kijani kibichi, bado uko kwa sindano. Kufika jioni watu kumi na wanne walikuwa wameuliza bei, na mmoja tu ndiye aliuliza ni ya nani. Hao kumi na wanne ndio naandikia leo. Wewe mmoja njoo inboksi, nakupenda bure.

Ni ya ndugu yangu mdogo. Yuko bweni huko Nyandarua, na alirudi likizo akisema baridi ya usiku inamng'ata hadi meno. Shule haitaki kuona rangi nyingine mchana, kwa hivyo ataivaa usiku chini ya blanketi, mahali hakuna mtu ataiona. Hakuna picha. Hakuna wa kusema "wueh, umetokelezea." Ni joto tu la kijana wa miaka kumi na tano. Sasa niambie bei ya hiyo ni ngapi.

Hapa kwetu ukishika kitu chochote mkononi na kikapendeza, mtu lazima atasema, "Si uuze?" Ukioka keki, uza. Ukisuka dada yako nywele, fungua kinyozi. Ukiimba bafuni, rekodi. Tumefundishwa kwamba kitu kisicholeta chapaa ni kupoteza wakati, na neno lenyewe, hasla, tumelivalia kama beji. 2022 lilipanda jukwaani likaomba kura, na likapata. Novemba ya mwaka huo tukaletewa Hustler Fund, mkopo unaanzia shilingi 500. Shilingi 500, wasee. Hiyo hainunui uzi wa mikono miwili.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu nyinyi ndio mlianza mambo ya bei. Uzi wa hii sweta umenikula shilingi 1,800. Kufikia ikiishe nitakuwa nimekaa nayo kama masaa 40. Nikijilipa shilingi 100 kwa saa, na hiyo ni kujionea huruma kidogo sana, tuko 5,800. Halafu msee anakuja inboksi na miguu miwili: "Nifanyie na thao moja, mimi ni fansi yako." Rafiki yangu, kwa thao moja unanunua nusu ya uzi, na mimi ndio nakulipa nikushonee.

Utaniambia Gikomba sweta ya kamera ni shilingi 300. Najua. Nusu ya kabati langu imetoka Gikomba na sioni aibu. Enda Gikomba, nunua, vaa, barikiwa. Kile sitaki ni uchukue bei ya sweta ambayo mtu wa Uingereza aliivaa akachoka nayo, uje uiweke kando ya masaa yangu 40 kama mizani.

Na kuna kitu wengi hamjui, nacho hunikasirisha zaidi ya hiyo thao. Kufuma kwa sindano mbili kuna mashine tangu 1589, pale William Lee alipotengeneza mtambo wa kufuma soksi huko Uingereza. Zile sweta za shule Januari ni mashine, ndiyo maana zinatoka haraka. Lakini kroshia, ile ya sindano moja yenye ndoano, mpaka leo hakuna kiwanda kina mashine ya kuifanya. Kuna vitambaa vya mashine vinavyofanana nayo kwa mbali, lakini ukiangalia mishono kwa karibu si kroshia. Rudia kusoma hapo. Ile blauzi ya kroshia uliona kwa simu, inatoka ng'ambo, inauzwa 900 pamoja na kuletwa mlangoni? Kama ni kroshia ya ukweli, kuna mtu aliikalia. Ana mgongo, ana macho, alihesabu vitanzi kimoja kimoja. Toa faida ya muuzaji, toa ndege, toa uzi, halafu uniambie huyo mtu alibaki na nini. Sasa nikisema yangu ni 4,500, mimi ndio mwizi?

Mimi pia nilijaribu kuuza. Mwaka jana anti mmoja wa mtaani aliniitisha vitambaa vya makochi, seti ya watu saba na cha meza. Tulikubaliana 6,000, akanipa 2,000 ya kuanzia. Wiki saba! Kifundo cha mkono kilivimba nikawa nafunga bandeji kama mchezaji wa raga. Siku ya kupeleka akavipanga vyote kwa makochi, akarudi nyuma, akatabasamu, akasema, "Aki ni vizuri, lakini si hata cucu wangu hufanya hizi bure." Akanipa 1,500. Zingine atatuma jioni. Ile jioni bado haijafika.

Pesa ilikuwa mbaya, sikatai. Lakini kilichoniuma ni kingine. Baada ya pale sikushika sindano miezi mitano.

Lazima uelewe mimi nilianzia wapi. Machi 2020 shule zilipofungwa nilikuwa kidato cha pili. Mathe akanipeleka kwa shosho Ol Kalou nisikae kwa nyumba peke yangu. Usiku nilikuwa silali. Kichwa changu kina kelele, hata sasa, lakini wakati ule ilikuwa kama stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni. Shosho hakuniuliza maswali. Alinipa sindano mbili na uzi wa sweta kuukuu aliyokuwa amefumua, akasema, "Hesabu." Basi. Mishono ishirini kwenda, ishirini kurudi. Nikikosea, ananyamaza mpaka nione mwenyewe, halafu tunafumua. Nililala siku ya nne.

Hicho ndicho kitu niligeuza kuwa oda, na oda ikakiua. Nilikuwa nikiangalia uzi naona deni. Kelele zikarudi na sikuwa na mahali pa kuzipeleka. Kwa hivyo ukiniambia "geuza talanta iwe pesa," najua unamaanisha mema, lakini unaniomba dawa yangu niiweke kwa rafu na bei juu.

Vitabu navyo ni vilevile. Anko wangu alinikuta juzi na riwaya akashika kiuno. "Soma vitu vya kukujenga." Vya kukujenga mnavijua, viko kwa lami pale Tom Mboya, vimepigwa plastiki: Rich Dad Poor Dad, The 48 Laws of Power. Nimesoma vyote viwili. Hicho cha pili kilinifanya nimshuku mathe wiki nzima, kila akinipa chai najiuliza anataka nini.

Sasa hivi nasoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960. Maiti imepatikana kwa mzimu, na Bwana Msa anavuta kiko chake pole pole huku kila mtu akidanganya. Kando yake niko na Agatha Christie moja ya shilingi 100, imeng'oka jalada. Miss Marple ni mzee wa kijijini anayefuma. Watu wanaongea mbele yake wakidhani ni nyanya wa sweta tu, na yeye anahesabu mishono na uongo wao kwa wakati mmoja. Hakuna aliyewahi kumwambia afungue duka.

Vitabu vyepesi vimetukanwa hapa kwetu tangu zamani, si anko wangu ameanza. Charles Mangua alitoa Son of Woman 1971, David Maillu akaleta After 4.30 1974, na wahakiki wakakunja pua kwamba hiyo ni takataka. Watu wakanunua hiyo takataka, wakasoma ndani ya basi, wakaazimana hadi kurasa zikachanika. Mimi nadhani mtu ambaye ametoka kazini amechoka ana haki ya kitabu ambacho hakimfokei.

Kuna mtu atasema, "Ni rahisi kukataa pesa ukiwa nayo." Haki yako. Mimi nafanya saiba siku tatu kwa wiki, kodi analipa mathe, na mwezi ukikaza sana nitauza, hata hizi sindano. Sijifanyi mtakatifu. Na kuna akina mama ambao uzi ndio unalipa karo kwao. Hao wana bei. Nenda kwao, uliza, lipa yote, na usilete hadithi ya cucu wako. Ukitaka yako mwenyewe, njoo na uzi nikufundishe bure, Jumapili mchana, nimeshafundisha watu watatu na mmoja wao ni dereva wa boda.

Lakini hii ya kijani usiulize tena. Mkono wa kushoto umebaki mistari 38, kola bado. Bwana Msa amewasha kiko tena na hajasema muuaji ni nani. Kama unajua, nyamaza.